Laptopu inajizima ikiwa kwenye asilimia 38, na ripoti inasema betri ni nzima: nani anadanganya?

#1 Karani wa Ilala

Habari za jioni wakuu. Nina laptopu ya mtumba ya inchi 14, prosesa ya kizazi cha sita, niliyoinunua Kariakoo kwenye duka ambalo sitalitaja, kwa kuwa muuzaji hakuniambia uongo wowote ninaoweza kuuthibitisha. Kabla ya kulipa nilifungua kidirisha cha amri mbele yake nikaandika powercfg /batteryreport, na ripoti ikatoka safi kabisa: uwezo wa kiwandani miliwati-saa 46,500, uwezo wa sasa betri ikijaa 42,300. Hiyo ni asilimia 91, na kwa mashine ya umri huo nilijiona nimeokota embe dodo chini ya mnazi.

Kinachonitesa ni kwamba nikichomoa chaja kipimo kinashuka kwa utaratibu mzuri tu hadi 38 hivi, kisha mashine inajizima papo hapo. Haitoi onyo, hailali, haihifadhi kazi. Kioo kinakuwa cheusi na taa ya pembeni inazimika. Wanaotengeneza majedwali ya mishahara mwisho wa mwezi watanielewa.

Naomba kujua: kinachodanganya ni ripoti, ni asilimia inayoonekana kwenye kioo, au ni betri yenyewe? Na hii kalibresheni, yaani kukirekebisha kipimo cha betri, inayosifiwa kila mahali, inatibu ugonjwa au inauahirisha?

#2 Mzee Kibatari

Kipimo chako kimepoteza mwelekeo, na dawa yake ni hiyo hiyo kalibresheni. Ichaji hadi 100, kisha uiache kwenye chaja kwa saa mbili zaidi ili seli zipoe na kutulia. Ingia kwenye mipangilio ya nishati ya Windows ushushe kile kiwango cha hatari, ambacho kwa kawaida huwa asilimia 5, ili mashine isilale mapema. Chomoa chaja, itumie mpaka ijizime, iache ilivyo kwa saa kadhaa, halafu uichaji hadi 100 bila kuikatiza. Mwenye haraka aiingize kwenye BIOS, ile menyu inayofunguka kabla ya Windows, na kuiacha hapo iwake, kwa sababu huko haina namna ya kulala yenyewe. Yangu ilikuwa inazima kwenye 20. Baada ya zoezi hilo inashuka hadi 6 bila wasiwasi.

#3 Mwalimu wa Saketi

Mzee Kibatari ameeleza hatua sawasawa, ila naomba tuelewane kuhusu kinachotokea, kwa sababu wengi hufanya kalibresheni wakitarajia betri irudi ujana.

Ndani ya kila betri ya laptopu kuna ubao mdogo wenye chipu ya kipimo. Kampuni kama Texas Instruments huzitengeneza kwa wingi. Chipu hiyo haiwezi kuangalia ndani ya seli ikaona kilichobaki. Inahesabu umeme unaoingia na unaotoka, na inapima volti na joto, kisha inakisia. Tatizo ni kwamba seli ya lithiamu ikiwa katikati ya safari yake volti zake hubadilika kidogo sana, hivyo kati ya asilimia 70 na 30 hivi chipu inategemea zaidi hesabu yake ya kuingia na kutoka. Mtumiaji ambaye kila siku anachaji kutoka 60 hadi 90 na kuchomoa haipi chipu nafasi ya kufika kwenye ncha, yaani kujaa kabisa au kuisha kabisa, na makosa madogo ya hesabu yanalimbikizana. Kalibresheni inaipeleka kwenye ncha zote mbili, na ule muda wa kupumzika aliousema Mzee Kibatari unaisaidia kusoma volti zikiwa zimetulia. Baada ya hapo namba zinakaribia ukweli, lakini hakuna hata wati-saa moja iliyoongezeka kwenye seli. Kwa hiyo Karani asishangae akimaliza zoezi na ripoti ikashuka badala ya kupanda.

#4 Fundi wa Makoroboi

Wakuu, nipo Mwanza na kazi yangu ya kila siku ni hizi hizi mashine. Mashine inayojizima kwenye 38 bila onyo, kwa niliyoyaona mezani kwangu, huwa ina seli moja mbovu.

Betri ya aina hiyo huwa na seli tatu zilizounganishwa kwa mfululizo, na saketi ya ulinzi inaangalia kila moja peke yake. Ikiwa mbili ni nzima na moja imechoka, ile iliyochoka inafika kwenye sakafu yake, karibu na volti 3, wakati wenzake bado wana akiba. Saketi haisubiri, inakata betri nzima ili kuinusuru hiyo moja. Asilimia 38 unayoiona ni akiba ya kweli ya seli nzima, ila huwezi kuifikia. Majuzi nilifungua betri ya mteja iliyokuwa inafanya vivyo hivyo, nikaweka mita: seli ya kwanza volti 3.74, ya pili 3.72, ya tatu 3.06. Kwa macho zilikuwa zinafanana kama mapacha.

Ndiyo maana sikubaliani na ushauri wa #2 kwa mtu ambaye hajajua hali ya seli zake. Kuishusha betri hadi izime huku seli moja ikiwa dhaifu ni kuizidishia kipigo ile ile iliyokwisha kuumia.

#5 Mzee Kibatari

Mdogo wangu Fundi, saketi ya ulinzi ikishakata, kipigo kinatoka wapi? Wewe mwenyewe umesema haisubiri.

#6 Fundi wa Makoroboi

Shikamoo mzee. Inakata kwa kiwango kilichowekwa, lakini kila mara seli inapofikishwa kwenye sakafu inachakaa zaidi kuliko ikiishia njiani, na baada ya kukatwa inaendelea kuvuja kidogo kidogo yenyewe. Ukiiacha "kwa saa kadhaa" si neno. Wateja wangu wanaiacha wiki nzima kwenye begi.

#7 Kipanga Macho

Mbona hakuna anayemtazama muuzaji? Kuna vifaa vinavyounganishwa na nyaya za mawasiliano za betri, na programu yake ikafuta hesabu ya mizunguko ya chaji, yaani mara ambazo betri imetumika na kujazwa, na kuandika uwezo mpya kwenye chipu. Betri iliyochakaa inatoka hapo ikijitangaza kuwa na asilimia 90 na ushei, mnunuzi anaandika powercfg yake kwa ushujaa, analipa, anaondoka anatabasamu. Karani, nenda kwenye ripoti utazame mstari wa mizunguko ya chaji. Nakuhakikishia utakuta kistari badala ya namba. Kisha utazame historia ya uwezo, utakuta inaanzia juzi tu. Mashine ya kizazi cha sita ni ya kuanzia mwaka 2015. Maisha yake yote yamekwenda wapi?

#8 Karani wa Ilala

Kipanga, umenitisha. Ni kweli kuna kistari, na historia inaanzia wiki ile niliyoinunua.

#9 Mtoto wa Chumbageni

Karani, usianze kumtafuta muuzaji na mgambo. Alama zote mbili alizozitaja Kipanga zina maelezo ya kawaida. Kistari kwenye mizunguko ya chaji maana yake ni kwamba betri au programu ya ndani ya mashine haiipi Windows taarifa hiyo. Nimeona kistari hicho kwenye laptopu zilizotoka kwenye boksi. Historia ya uwezo nayo inaandikwa na Windows, haitoki kwenye betri, na kila muuzaji wa mtumba anaweka Windows upya kabla ya kuuza. Historia ikianzia siku ile, inathibitisha tu kwamba Windows iliwekwa siku ile.

Sisemi mchezo wa kufuta chipu haupo. Upo. Ila ushahidi uliotolewa hapa hautoshi kumfunga mtu.

#10 Kipanga Macho

Mwanasheria wa wauza kompyuta amewasili kutoka Tanga. Sawa, kistari nakiachia. Lakini nijibu hili: betri ya miaka yote hiyo inabakije na asilimia 91 kwa njia za halali?

#11 Mtoto wa Chumbageni

Kwa njia mbili angalau. Ya kwanza, betri ilibadilishwa huko ilikotoka, kwani mashine hizi zinatoka maofisini Ulaya na Uarabuni, na wanaozikusanya hubadilisha sehemu. Ya pili ni ile ya Mwalimu wa Saketi: chipu haijafikishwa kwenye ncha kwa muda mrefu, hivyo bado inaamini uwezo wa zamani. Hapo hakuna aliyedanganya isipokuwa hesabu.

#12 Mpiga Gumzo

Mtu ameuliza kuhusu laptopu, amepewa taarifa ya uchunguzi wa maiti na washukiwa watatu.

Naomba niulize langu humu humu, kwa kuwa naona mabingwa wamekusanyika. Mke wangu ananigombeza kwamba kuiacha mashine kwenye chaja usiku kucha ndiko kunakoua betri, na kaka yake anasema chaja za sasa zina akili na zinajikata zenyewe. Nani kati yao nimnunulie soda?

#13 Mwalimu wa Saketi

Mnunulie mkeo, ila mweleze kwamba kosa si la chaja kushindwa kujikata. Inajikata kweli. Kinachochakaza ni betri kukaa ikiwa imejaa, seli zikiwa kwenye volti 4.2 au zaidi, huku mashine yenyewe ikiichemsha. Kuna jedwali la Battery University linalonukuliwa sana na watu wa fani hii: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima kwenye nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, inabaki na uwezo wa asilimia 96, ikihifadhiwa kwenye nyuzi hizo hizo ikiwa imejaa, inabaki na 80. Ipandishe kwenye nyuzi 40, na ile iliyojaa inabaki na 65. Hapo haijatumika hata kidogo, imekaa tu kabatini.

Sasa tafakari chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari, laptopu iko juu ya godoro, matundu ya feni yamezibwa na shuka, chaja iko ukutani tangu asubuhi. Nyuzi 40 kwa betri hiyo ni jambo la kawaida kabisa. Wengi wanalaumu mizunguko ya chaji wakati kilichowamalizia betri ni joto.

Watengenezaji wameweka njia ya kusimamisha chaji mapema. Lenovo wanayo kwenye programu ya Vantage, Dell na HP kwenye BIOS za mashine za ofisi, ASUS kwenye MyASUS, ambako matoleo ya awali yalikupa uchague 60, 80 au 100. Wanaotumia Linux wataikuta kwenye programu ya TLP kwa mashine zinazoiruhusu. Iweke 80 uendelee na maisha.

#14 Binti wa Stesheneri

Mwalimu, nakuheshimu, lakini ushauri wa kusimamisha chaji kwenye 60 au 80 unamfaa mtu ambaye umeme haukatiki kwake. Mimi nina stesheneri karibu na chuo. Kipindi cha mgao umeme ulikuwa unaondoka mteja akiwa ameinama kwenye kiti ananisomea barua ya maombi ya kazi, na kila asilimia niliyoiachia ukutani asubuhi niliijutia mchana. Betri kwangu ndiyo jenereta. Ikichakaa baada ya miaka miwili nitanunua nyingine, lakini mteja akiondoka leo harudi.

Nina jambo jingine la kuuliza. Mashine yangu ya pili betri ilikufa nikaitoa, naitumia kwa chaja tu, na tangu siku hiyo imekuwa nzito ajabu. Fundi wa mtaani ameniambia ni virusi.

#15 Fundi wa Makoroboi

Dada, kabla ya kulipia kutolewa virusi, tambua kwamba baadhi ya laptopu hupunguza kasi ya prosesa zenyewe zikikosa betri, kwa sababu prosesa ikihitaji umeme mwingi kwa ghafla, betri ndiyo huisaidia chaja. Hilo lipo hata kwenye mashine mpya.

Na uangalie chaja. Kama ni zile chaja za Dell zenye sindano nyembamba katikati ya kichwa, sindano hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Inapeleka utambulisho wa chaja. Ikivunjika au waya wake ukikatika, mashine inawaka vizuri, inatoa ujumbe kwamba haiitambui chaja, inagoma kuchaji betri na inapunguza kasi. Watu wengi wanabadilisha betri kwa kosa la sindano hiyo. Chaja feki nazo nyingi hazina utambulisho sahihi, na matokeo ni yale yale.

Kuhusu suala la mgao nipo upande wako. Weka 100 siku za mgao, weka 80 siku za neema.

#16 Mzee Kibatari

Tusisahau sharti la zamani: betri mpya lazima ichajiwe kwa muda wa saa nane kabla ya kutumika, na kila mara ukaushe kabisa ndipo uchaji. Sisi tulilishika na vitu vyetu vilidumu.

#17 Mtoto wa Chumbageni

Shikamoo mzee wangu. Sharti hilo lilikuwa la betri za nikeli na kadimiamu, ambazo kweli zilikuwa na tabia ya kukariri kiwango ulichozoea kuishia. Betri za ioni za lithiamu, hizi za laptopu, ziliingia sokoni mwaka 1991 kupitia Sony, na hazina kumbukumbu hiyo. Ukizikausha kila siku unazifupishia maisha. Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi hiyo, tusiwarudishe nyuma.

#18 Mzee Kibatari

Marahaba. Nobeli wamepewa, lakini redio yangu ya mwaka 1988 bado inaimba.

#19 Mpiga Gumzo

Mzee, hiyo redio si inatumia betri za gunzi?

#20 Mkaazi wa Kisauni

Salamu kutoka Mombasa. Naona Karani atalazimika kununua betri nyingine siku moja, basi nizungumzie soko, kwani Luthuli Avenue ya Nairobi na Kariakoo yenu zinapokea mizigo ya aina moja.

Usidanganywe na neno la "orijino" lililochapwa kwenye stika. Angalia mambo yanayokataa kudanganywa. Volti zikizidishwa kwa ampea-saa ni lazima zilete wati-saa zilizoandikwa. Nimekutana na betri ya volti 11.1 na miliampea-saa 5,200 ambayo stika yake ilidai wati-saa 72, ilhali hesabu inaleta karibu 58. Aliyeandika stika hakujua hata kuzidisha. Pima na uzito, kwani betri mbili za umbo moja zinazodai uwezo mmoja hazipaswi kupishana sana mkononi. Na ukiona tarehe ya kutengenezwa ni ya miaka mitano nyuma, hiyo ni mpya kwa jina tu, kwa maana betri inazeeka hata ikiwa ndani ya plastiki yake, kama alivyoeleza Mwalimu kwenye #13.

Muuzaji akikupa garantii ya miezi mitatu, mwombe aiandike kwenye risiti. Ile ya mdomo huishia mlangoni.

#21 Baharia wa Muscat

Mkaazi amesema kweli. Nikirudi nyumbani jamaa huniagiza betri, na wengi hawajui kwamba betri ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Inakaa nawe kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, na isizidi wati-saa 100 isipokuwa kwa ruhusa ya shirika la ndege. Stika ya uongo kama hiyo aliyoitaja inaweza kukuletea kesi hapo uwanjani, kwa sababu wakaguzi husoma kilichoandikwa.

#22 Binti wa Stesheneri

Samahani kwa kurudi tena. Nimeigeuza ile mashine yangu nzuri baada ya kusoma uzi huu, na nimeona padi ya kugusia imeinuka upande mmoja, kiasi kwamba kitufe cha kushoto hakibonyei tena. Nilidhani ni uchafu. Je, hii nayo ni betri?

#23 Fundi wa Makoroboi

Dada, izime sasa hivi, ichomoe kwenye umeme na usiikandamize hiyo padi irudi chini. Betri imevimba. Kimiminika kilicho ndani ya seli kinapoharibika hutoa gesi, mfuko wa seli unajaa, na kwa kuwa mara nyingi betri hukaa chini kabisa ya padi, padi ndiyo huwa ya kwanza kuinuka. Ukisikia harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha, ujue mfuko umeanza kuvuja.

Isitobolewe na mtu yeyote kwa kisingizio cha kutoa hewa, na isitupwe jalalani ambako wanachoma taka. Mpelekee fundi mwenye kuelewa, aitoe bila kuichokoa kwa bisibisi. Mashine itaendelea kuishi kwa chaja.

#24 Mpiga Gumzo

Nimeigeuza yangu pia. Iko bapa. Mke wangu anashukuru.

#25 Karani wa Ilala

Wakuu, nimerudi. Nilifuata hatua za #2 kama zilivyo, pamoja na muda wa kupumzika. Matokeo: ripoti sasa inasema uwezo ni miliwati-saa 29,800, yaani asilimia 64, na mashine inajizima kwenye 19 badala ya 38. Shukrani kwa wote, ingawa sijui kama nimeponea au nimeugua zaidi.

#26 Mzee Kibatari

Kutoka 38 hadi 19 ni nusu ya safari. Rudia mara moja zaidi.

#27 Fundi wa Makoroboi

Hapana, hayo ndiyo niliyoyasema. Betri ya kawaida iliyokalibretiwa inafika karibu na sifuri. Hii imepunguziwa uwezo kwenye hesabu na bado inakatika njiani, kwa sababu seli iliyochoka ingali ndani.

#28 Kipanga Macho

Na mimi nisemeje? Namba ya 91 imeporomoka hadi 64 kwa zoezi moja. Kama haikuwa imepakwa rangi, ilikuwaje?

#29 Mwalimu wa Saketi

Ilikuwa vile ambavyo chipu isiyofikishwa kwenye ncha huwa. Nililitaja hili kwenye #3 kabla zoezi halijafanyika. Hata hivyo naona sote tunajidai kushinda kwa ushahidi ule ule, na kuna maelezo ya nne ambayo bado hayajapimwa.

Betri ikichakaa haipungui uwezo peke yake. Ukinzani wake wa ndani, yaani namna inavyouzuia umeme kupita, unaongezeka, na kadiri unavyovuta umeme mwingi kwa mkupuo ndivyo volti zake zinavyoporomoka. Inawezekana seli zote tatu za Karani ziko sawa kwa sawa, ila zote zimechoka. Prosesa inaporuka ghafla kufungua jedwali kubwa au mkutano wa video, volti zinazama chini ya kiwango kwa kitambo kidogo na saketi inakata. Karani, naomba ujibu mambo mawili. Mashine hujizima ikiwa inafanya kazi nzito au hata ukiwa unasoma tu? Na ukiichomeka mara moja baada ya kujizima ukaiwasha, inasoma asilimia ngapi?

#30 Karani wa Ilala

Mara nyingi ni wakati wa kufungua kitu kizito, lakini imewahi kujizima nikiwa nasoma PDF. Nikiichomeka na kuiwasha, mara nyingine inasoma 17 au 18, yaani karibu na pale ilipokatikia, na mara nyingine inasoma 5.

#31 Mtoto wa Chumbageni

Hapo umewachanganya wote. Ikirudi kwenye 17, chipu inaamini akiba ipo, na hilo linampa Mwalimu nguvu, hata Fundi pia. Ikirudi kwenye 5, chipu imekubali kwamba ilikosea, na hapo Mzee Kibatari anapata uhai.

Kuna kipimo kisichohitaji bisibisi. Kwenye mipangilio ya nishati, shusha kikomo cha prosesa kutoka 100 hadi 99. Kwa prosesa za Intel za aina hiyo, hatua hiyo inazuia ile kasi ya ziada ya ghafla. Punguza na mwanga wa kioo. Ikiwa sasa itashuka hadi 8 au 6 bila kuzima, tatizo kubwa ni ukinzani. Ikiendelea kukatika kwenye 19 pale pale, tumrudie Fundi na seli yake.

#32 Karani wa Ilala

Nimefanya. Imefika 12, ikazima.

#33 Mpiga Gumzo

Kumi na mbili! Imekwepa majibu yote mawili. Wakuu, betri hii ina mwanasheria wake.

#34 Mkaazi wa Kisauni

Basi anunue nyingine tuendelee. Hata ikijulikana ni seli gani, mtaani kubadilisha seli moja si rahisi. Chipu nyingi zikiona seli zimekatwa umeme au zimepishana sana hujifunga kabisa, na betri inakataa kutoa chochote hata ukiipa seli mpya, mpaka mwenye kifaa cha kuifungua apatikane. Utalipa fundi, utalipa seli, kisha utanunua betri.

#35 Fundi wa Makoroboi

Ni kweli zinajifunga, na ndiyo maana seli mpya huunganishwa kabla ya zile za zamani kukatwa, ili ubao usikose umeme hata sekunde moja. Na hazibadilishwi moja moja. Unabadilisha zote, za aina moja na volti zilizolingana.

Karani, kama una ndugu anayesafiri kuja Mwanza, mpe hiyo betri nikuwekee mita bure, tumalize ubishi. Ije ikiwa na chaji chini ya 30, maana sipendi kufungua betri iliyojaa. Nitapiga picha namba za mita za kila seli nizirushe humu.

#36 Kipanga Macho

Kabla hujashika solda, piga picha na maandishi ya chipu ya kipimo, na unitolee tarehe ya kutengenezwa iliyomo ndani ya chipu tulinganishe na ile ya kwenye stika. Seli zinaweza kuwa na maelezo elfu. Tarehe mbili zinazopishana zina moja.

#37 Mtoto wa Chumbageni

Au ubao ulihamishwa kihalali kutoka kwenye betri nyingine wakati wa kubadilisha seli. Hayo ni maelezo ya pili, na bado sijaanza kuhesabu.

#38 Karani wa Ilala

Shemeji anapanda basi la Mwanza Ijumaa, nitampa. Fundi, nitumie namba ya duka kwa ujumbe wa faragha. Mzee Kibatari, nitarudia zoezi lako mara moja kabla ya hapo kwa heshima ya shikamoo, ingawa najua Fundi atanuna.

#39 Fundi wa Makoroboi

Sinuni, ila usiniletee ikiwa imekaushwa.